Sura ya Tano: Wingu Linapotaka Ekari

"Wingu si liko angani? Sasa ekari zote hizi za nini?"

Swali hili huzuka kila mradi wa kituo cha data unapotangazwa, na mara nyingi anayeliuliza huchekwa kidogo. Hastahili kuchekwa. Neno "wingu" limetufichia kitu kizito sana. Picha za harusi ulizohifadhi, pesa uliyomtumia mama kwa simu, matokeo ya mtihani wa mtoto: vyote vimekaa mahali, ndani ya jengo lenye ukuta, geti, walinzi na bili ya umeme.

Jengo hilo ndilo kituo cha data. Ndani yake zimepangwa seva, yaani kompyuta zenye nguvu zinazofanya kazi usiku na mchana kwa niaba ya simu na kompyuta zetu. Zikizimika, benki inasimama, tiketi za ndege hazikatiki, hospitali haisomi faili la mgonjwa. Kwa hiyo kituo kinahitaji mambo manne bila kukosa: ardhi, umeme, njia ya kuondoa joto (mara nyingi maji), na nyaya za mawasiliano. Ukiacha nyaya, mengine yote huwa yana mwenyewe kabla kituo hakijafika.

Kwetu Afrika Mashariki vituo hivi si wageni. Dar es Salaam ina kituo cha taifa pale Kijitonyama. Nairobi inavyo kadhaa, na Mombasa, ambako nyaya za baharini hupanda nchi kavu, inavyo pia. Kenya imejenga kituo cha serikali Konza. Mwezi Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, na intaneti ikazorota kuanzia Tanzania hadi Kenya na Uganda. Mwezi huohuo Microsoft na kampuni ya G42 ya Abu Dhabi zilitangaza mpango wa dola bilioni 1 nchini Kenya, ukiwa na kituo kikubwa cha data Olkaria, karibu na Naivasha.

Kwamba tunavihitaji, hilo halina ubishi. Swali la sura hii ni jingine: kituo kikija, nani atabeba mzigo wake?

Jiko la mama lishe

Tuanze na neno "hatari". Mama lishe anakaanga maandazi chini ya kibanda cha makuti. Kuna hatari ya moto. Anayetaka kuipima huuliza maswali mawili: je, kuna uwezekano gani wa jambo hili kutokea, na likitokea litaumiza kiasi gani? Kudhibiti hatari hakumaanishi kuufunga mgahawa. Ni kulisogeza jiko, kuweka ndoo ya mchanga karibu, na kumfundisha binti anayesaidia asimimine mafuta kwa pupa.

Lakini tuseme mama lishe amelisogeza jiko hadi kwenye ukuta wa jirani. Makuti yake sasa yako salama. Ya jirani je? Hatari haijapungua hata chembe, imehama tu.

Jiko hilo lishike akilini, maana vituo vya data havieleweki bila ya kanuni yake. Hatari isiposhughulikiwa haiyeyuki. Humhamia yule ambaye hakuwepo mezani wakati wa kupanga. Wataalamu huigawa mafungu mawili: hatari za kimazingira, yaani zinazogusa maji, hewa, udongo na viumbe, na hatari za kijamii, yaani zinazogusa ardhi, riziki, afya, mila na amani ya watu. Kwenye karatasi mafungu hayo huwekwa mbalimbali. Mtaani hukutana katika ndoo moja ya maji.

Maji: somo la mtungi

Kwa nini kituo cha data kinataka maji? Jibu liko kwenye mtungi wa bibi. Maji ya mtungini huwa baridi hata mchana wa jua kali kwa sababu udongo unayavujisha kidogo kidogo, yanageuka mvuke, na mvuke unapoondoka huondoka na joto. Vituo vingi hutumia kanuni hiyohiyo kwa ukubwa wa kiwanda: hupoza seva kwa kuyaachia maji yageuke mvuke. Maji hayo hayarudi bombani. Yameenda hewani.

Mji mdogo wa The Dalles, jimbo la Oregon, Marekani, una vituo vya Google. Gazeti moja lilipotaka kujua vinatumia maji kiasi gani, mji wenyewe ulikwenda mahakamani kuzuia takwimu hizo zisitolewe, kwa hoja kwamba ni siri ya biashara. Kesi iliisha mwishoni mwa 2022 na takwimu zikawekwa wazi: mwaka 2021 vituo vilitumia kama lita bilioni 1.3, zaidi ya robo ya maji yote ya mji. Utata ulianza na maji, lakini kilichowaudhi watu zaidi ni kufichwa.

Chile ilikwenda mbele zaidi. Google ilipanga kujenga kituo Cerrillos, pembezoni mwa jiji la Santiago, eneo lililokaa na ukame kwa zaidi ya miaka 10. Nyaraka za mradi zilitaja lita 169 kwa sekunde. Igeuze hesabu hiyo kwa ndoo za lita 20: ni zaidi ya ndoo 8 kila sekunde, kutwa kucha. Wakazi walizisoma nyaraka hizo na kupinga. Februari 2024 mahakama ya mazingira ilibatilisha sehemu ya kibali na kutaka mabadiliko ya tabianchi yazingatiwe katika tathmini. Mwezi Septemba mwaka huo kampuni ilisema itaanza upya, safari hii kwa kupoza kwa hewa.

Basi tatizo limekwisha? Hapana. Kupoza kwa hewa huokoa maji lakini hula umeme zaidi. Na umeme huo ukitoka kwenye mtambo unaotumia maji, maji yamehama kutoka kituoni kwenda kwenye mtambo. Jiko limesogezwa tena. Ndiyo maana mtu akikwambia "kituo chetu hakitumii maji", swali linalofuata ni: na umeme wake je?

Mahali pia pana neno. Mpwani anajua kwamba msimu wa masika mtungi haupozi vizuri, kwa sababu hewa imeshashiba unyevu. Kituo cha Mombasa au Dar es Salaam hakiwezi kuutegemea mvuke kama kile cha nyanda za juu zenye hewa kavu na usiku wa baridi. Mchoro ulioletwa kutoka nchi nyingine bila kupimwa kwa hali ya hewa ya hapa tayari ni hatari.

*Kwa ufupi: usiulize tu kituo kinatumia maji kiasi gani. Uliza yanatoka wapi, nani anayanywa sasa, na mwaka wa ukame nani atakatiwa kwanza.*

Umeme: hesabu ya Olkaria

Shirika la Kimataifa la Nishati linakadiria kuwa vituo vya data vilitumia kama asilimia 1.5 ya umeme wote wa dunia mwaka 2024, na kwamba matumizi hayo yatakuwa zaidi ya maradufu ifikapo 2030. Asilimia 1.5 inaonekana ndogo. Shida ni kwamba vituo havikusambazwa sawasawa duniani. Hurundikana sehemu moja kama nyuki kwenye tawi.

Ireland ni mfano mzuri. Mwaka 2015 vituo vya data vilitumia asilimia 5 ya umeme wa nchi hiyo. Mwaka 2023 vilifika asilimia 21, vikazipita nyumba zote za mijini zikiwekwa pamoja. Waendeshaji wa gridi, yaani mtandao wa taifa wa kusafirisha umeme, walilazimika kubana maombi mapya katika eneo la Dublin. Singapore nayo ilisimamisha vibali vipya kati ya 2019 na 2022 ili ijipange.

Sasa turudi Olkaria. Kituo kilichotangazwa kilipangwa kuanza na megawati 100 na kukua hadi megawati 1,000. Mwanzoni mwa 2025 kilele cha mahitaji ya umeme ya Kenya nzima, yaani ile saa ya jioni taa, televisheni na viwanda vyote vinapowaka pamoja, kilikuwa kama megawati 2,300. Kwa hiyo awamu ya kwanza pekee ni zaidi ya asilimia 4 ya kilele hicho, na mpango wote ni zaidi ya asilimia 40. Mteja mmoja!

Umeme wa jotoardhi, yaani unaozalishwa kwa mvuke wa moto kutoka chini ya ardhi, ni safi na hautegemei mvua. Hiyo ndiyo sifa ya Olkaria, na ni sifa ya kweli. Lakini umeme safi uliouzwa kwa kituo ni umeme ambao gridi haitaupata. Kama visima vipya havitachimbwa kwa kasi hiyohiyo, pengo litazibwa kwa mitambo ya mafuta, na gharama yake itajitokeza kwenye tokeni ya mwananchi. Kituo kitaitwa cha kijani, moshi utatokea kwingine.

Dawa yake inajulikana: mkataba useme kwamba mwekezaji ataongeza uzalishaji mpya sawa na atakachotumia, atalipia nyaya na vituo vidogo vya umeme vinavyomhudumia yeye, na atakubali kupunguza matumizi saa za kilele.

Hewa, kelele, moto na taka

Kituo cha data hakivumilii umeme kukatika hata sekunde moja. Kwa hiyo huwa na betri nyingi na safu ya jenereta za dizeli. Hata umeme usipokatika kabisa, jenereta hizo huwashwa mara kwa mara kwa majaribio, na moshi wake hauna pa kwenda ila puani mwa majirani. Feni za kupoza nazo huunguruma bila kupumzika. Kelele hiyo si kali kama ya disko. Ubaya wake ni kwamba haina saa ya kufunga.

Memphis, Marekani, inaonyesha jambo hili linavyoweza kuchachuka. Mwaka 2024 kampuni ya xAI ilianzisha kituo kikubwa kusini-magharibi mwa jiji hilo, karibu na mitaa ya watu weusi ambayo tayari ilikuwa imezungukwa na viwanda. Ikaweka mitambo ya gesi ya kuzalishia umeme kabla ya kupata kibali cha hewa, kwa maelezo kwamba ni ya muda. Wanaharakati walipopiga picha kutoka angani walihesabu zaidi ya 30. Kibali cha mitambo 15 kilikuja Julai 2025, baada ya ghadhabu kubwa. Mradi ulioharakishwa ukaishia kwenye malumbano.

Moto nao si hadithi. Tarehe 10 Machi 2021 kituo cha OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, kiliteketea na tovuti nyingi zikapotea. Septemba 2025 moto wa betri katika kituo cha serikali cha Daejeon, Korea Kusini, ulizima zaidi ya huduma 600 za umma kwa mpigo. Hapa aliyebeba mzigo ni raia aliyekwenda dirishani na kuambiwa "mtandao hauko".

Mwisho kuna taka. Seva huchakaa au kupitwa na wakati baada ya miaka michache, betri vivyo hivyo. Dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na hata robo yake haikukusanywa na kuchakatwa kwa njia rasmi. Baadhi ya zilizobaki huvunjwa kwa nyundo na kuchomwa majalalani, na wavunjaji mara nyingi ni vijana wasio na glavu.

Ardhi na watu: kitanda cha Olkaria

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hiyo inatosha kuwa kanuni nzima ya hatari za kijamii: mpangaji aliye ofisini hawezi kuwajua kunguni asipomuuliza anayelala pale.

Olkaria inakijua kitanda hicho. Mwaka 2014, kabla ya gumzo la vituo vya data, familia za Wamaasai kutoka vijiji vinne zilihamishwa kupisha mtambo wa jotoardhi wa Olkaria IV. Miongoni mwa wakopeshaji wa mradi walikuwa Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Wanavijiji walijengewa nyumba za kisasa, na kwa mgeni anayepita na gari mambo yalionekana kupendeza. Lakini baadhi yao waliandika malalamiko kwa Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia, chombo kinachosikiliza watu walioathiriwa na miradi ya benki hiyo. Walilalamikia ardhi yenye makorongo, hati ya ardhi iliyochelewa, riziki iliyoyumba, na mashauriano ambayo hayakutumia vya kutosha lugha yao ya Kimaa. Uchunguzi ulikuta kasoro, na usuluhishi ukazaa makubaliano mwaka 2016.

Mtambo ulijengwa kwa ustadi mkubwa wa kihandisi. Kilichokwama ni lugha, hati na malisho. Anayetaka kujenga kituo cha data katika bonde lilelile hana haja ya kwenda Chile kutafuta somo. Somo limeketi pale, na wenye kulijua bado wako hai.

Kinangop, si mbali na hapo, mradi wa umeme wa upepo wa megawati 60 ulikufa mwaka 2016 kwa sababu wananchi waliukataa. Mwekezaji anayedhani mashauriano humpotezea muda aende Kinangop akahesabu nguzo za upepo. Hatakuta hata moja.

Kuna pia ahadi ya ajira. Wakati wa ujenzi kituo huajiri mamia ya mafundi na vibarua. Kikishakamilika huendeshwa na watu wachache: wahandisi, mafundi umeme, wasafishaji, walinzi. Kijana aliyeuza ng'ombe akanunua pikipiki akitarajia abiria wa kudumu ataona biashara ikiyeyuka mwaka wa tatu. Mradi mwaminifu husema idadi hizo mbili, ya ujenzi na ya uendeshaji, siku ya kwanza.

*Kwa ufupi: fidia ya nyumba si fidia ya maisha. Hesabu malisho, kisima, njia ya shule, makaburi na jirani.*

Ngazi tatu za kudhibiti hatari

Benki nyingi kubwa zinazokopesha miradi hufuata viwango vinane vya Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC), na cha kwanza kabisa kinahusu kutambua na kusimamia hatari za mazingira na jamii. Kiini chake ni ngazi inayopandwa kwa mpangilio, bila kuruka:

1. Epuka. Je, kituo kinaweza kujengwa mahali pasipo na watu wa kuhamishwa wala chemchemi ya kukauka? Kusogeza ramani kilomita tano ni rahisi kuliko kusogeza kijiji.
2. Punguza. Kama haikwepeki, tumia maji yaliyokwisha kutumika na kusafishwa, jenga kuta za kuzuia kelele, tenganisha vyumba vya betri, chuja moshi, tafutia joto kazi. Nchini Finland mji wa Mäntsälä hupasha nyumba joto kwa joto la kituo cha data. Naivasha haihitaji kupasha nyumba, lakini shamba la maua la Oserian limewahi kupasha vitalu vyake kwa jotoardhi. Wazo si geni huko.
3. Fidia. Kilichobaki baada ya hatua mbili za kwanza ndicho kinacholipwa, kwa haki na kabla ya tingatinga kuingia.

Kosa la kila siku ni kuanzia ngazi ya tatu. Bahasha hutangulia, maswali hufuata.

Karatasi ina nguvu, ikisomwa

Sheria tunazo. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na Kenya ina sheria yake ya mazingira ya 1999 pamoja na Katiba ya 2010 inayompa kila mtu haki ya mazingira safi. Sheria hizo mbili zinadai Tathmini ya Athari kwa Mazingira kwa miradi mikubwa: uchunguzi unaofanywa kabla ya ujenzi ili kujua mradi utaharibu nini na utarekebisha vipi. Msimamizi ni taasisi ya mazingira ya kila nchi: NEMC kwa Tanzania na NEMA kwa Kenya. Mwananchi ana nafasi ya kutoa maoni kabla kibali hakijatolewa.

Nafasi hiyo hupotea kwa njia rahisi sana. Mkutano unaitishwa, viti vinapangwa, soda zinagawiwa, mtaalamu anaonyesha picha za majani mabichi, watu wanaandika majina kwenye karatasi ya mahudhurio. Wiki chache baadaye karatasi hiyo imebandikwa nyuma ya ripoti kama ushahidi kwamba jamii ilishirikishwa. Kuhudhuria kumegeuzwa kuwa kukubali.

Kwa hiyo nenda mkutanoni na maswali haya saba, na udai majibu kwa maandishi, kwa lugha unayoielewa:

- Lita ngapi za maji kwa siku, kutoka chanzo kipi, na mwaka wa ukame itakuwaje?
- Megawati ngapi mwaka wa kwanza, na ngapi mradi ukikamilika?
- Umeme mpya utazalishwa wapi kufidia huo?
- Jenereta ngapi, zitawashwa lini, na nani atapima hewa na kelele?
- Ajira ngapi za ujenzi, ngapi za kudumu, na mafunzo yataanza lini?
- Seva na betri zilizochakaa zitapelekwa wapi?
- Nikiwa na malalamiko mwaka wa tano, namwona nani, na atanijibu ndani ya siku ngapi?

Swali la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi. Tathmini hufanywa mara moja. Kituo hukaa miongo. Bila takwimu zinazotangazwa kila mwaka na mlango wa malalamiko ulio wazi, ahadi zote za mwanzo hubaki kwenye kabati la ofisi.

Kuuliza si ujinga, wala si kupinga maendeleo. Aliyeuliza "ekari zote hizi za nini?" alikuwa ameanza kazi ya kudhibiti hatari kabla ya mtaalamu yeyote kufika. Nawe endelea alipoishia. Siku ukiletewa karatasi ya mahudhurio kabla ya kuletewa hesabu ya maji, irudishe bila sahihi.